Mama Tegemeo Aliogopa

Ndugu waombolezaji, viongozi wa dini, majirani zetu, wafanyakazi wenzake wa redio, na ninyi mliomfahamu kwa sauti tu na leo mmekuja kumwona kwa mara ya kwanza akiwa amelala, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, na imenituma mimi, mtoto wa nne, kwa sababu watatu walionitangulia wamesema hawataweza kufika mwisho. Nami sina hakika kama nitafika, kwa hiyo nikikwama mtanisubiri. Jana mgeni mmoja wa heshima alituomba tuandike kwamba marehemu alikuwa mwanamke asiyejua woga, tukamshukuru, tukamkaribisha chai, na hatukuandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1951, mtoto wa tatu wa fundi mwashi na mkewe aliyekuwa akifua nguo za watu, katika chumba kimoja kilichopakana na tanuri la matofali, na inasemekana kila tanuri lilipopasua tofali kwa joto kitoto kile kilishtuka na kulia mpaka kikakosa pumzi. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa visima na ngazi na watu wenye viatu vya kishindo, na akiwa na miaka kumi na miwili, msichana mzima, kuku mwenye vifaranga alimkimbiza kutoka uani mpaka uvunguni mwa kitanda, tena kuku mwenyewe alikuwa anachechemea. Ndugu zake walimcheka kwa hilo hadi uzeeni, naye alicheka nao, lakini hakuwahi kufuga kuku.

Alisoma elimu ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1966, na huko ndiko lilikoanzia lile lililokuja kumpa jina, maana kila alipoitwa mbele kusoma kwa sauti mikono ilimtetemeka, karatasi ikachezacheza, darasa likaangua kicheko. Akaona njia pekee ni kukariri kitabu kizima akiwa nyumbani, asimame mbele mikono ikiwa nyuma, macho ukutani, aseme yote bila kushika kitu. Mwalimu wake akaamini amepata mtoto mwenye kichwa cha ajabu, kumbe alikuwa amepata mtoto mwenye hofu. Mwaka 1969 alihitimu mafunzo ya upigaji chapa, na tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika kituo cha redio, ofisi ya mwisho ya ujia, akipiga chapa michezo ya kuigiza iliyoandikwa kwa mkono na watu wenye miandiko mibaya.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na dereva wa malori ya masafa marefu, mtu wa utani mwingi aliyemwita mkewe "Afande" kwa sababu alikagua kufuli zote kabla ya kulala, na Mungu aliwajalia watoto watatu, kaka yetu mwaka 1975, ambaye wote tunamwita Mkubwa, dada yetu mwaka 1978, ambaye kwa maneno yake mengi anaitwa Kasuku, na mwaka 1981 kaka anayemfuata, Kimya, ambaye jina lake halihitaji maelezo. Mimi nitaingia baadaye, na si kwa njia ya kawaida.

Mwezi Juni 1976 mwigizaji aliyepewa nafasi ya mama katika mchezo mpya alishikwa na uchungu wa kujifungua studioni, mbele ya kipaza sauti, akakimbizwa hospitali, na mwongozaji wa michezo akatoka ujiani akiuliza nani mwingine anayajua yale maneno, na aliyeyajua yote, kwa kuwa ndiye aliyeyapiga chapa, ni mama yetu. Alisukumwa ndani, akakataa kushika karatasi kwa kuwa zingetetemeka na kusikika hewani, akafungia mikono nyuma kama alivyofanya shuleni, akafungua mdomo. Watu wengi wakiogopa, sauti hupanda juu, ikawa nyembamba, ikakatikakatika, lakini yake ilikuwa inashuka, ikawa nzito, ya taratibu, yenye vituo, na mwongozaji aliyekuwa nyuma ya kioo akaweka kikombe chake chini na kusema, "Huyu ndiye."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mama Tegemeo, mwanamke wa kwenye redio ambaye mumewe amepoteza kazi, watoto wake hawana viatu, paa linavuja, naye hatetereki, anamjibu mwenye nyumba, anamjibu mwalimu mkuu, anawasimamisha walevi mlangoni, kila Alhamisi baada ya taarifa ya habari ya jioni. Wengi wenu hapa mmelelewa naye, na mama zenu waliwaambia, "Umemsikia Mama Tegemeo?" Kila neno lile alilisema mtu aliyekuwa amekufa ganzi kwa hofu, mwenye jasho linalomtiririka mgongoni, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyosikika shupavu.

Nyumbani kwetu, vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, mambo yalikuwa mengine. Kitanda kilisogezwa mpaka mlangoni kila usiku, mlango ukibishwa watoto waliingia chini ya meza bila kuambiwa na kukaa kimya mpaka mgeni ajitaje, na Mama aliwasindikiza shule kwa miguu mpaka Mkubwa alipoanza kuota ndevu na kumsihi, kwa heshima zote, abaki nyumbani. Ndugu zangu wananiambia walidhani kila familia inaishi vile, na kwamba walikuja kujua ni hofu siku Kasuku alipokwenda kucheza kwa fundi cherehani wa jirani, mlango ukabishwa, akaingia chini ya meza peke yake.

Tarehe 3 Februari 1984 baba yao alifariki kwa maradhi ya figo, na marehemu akabaki na watoto watatu, wa mwisho akiwa hajatimiza miaka mitatu. Kwenye mazishi alilia mpaka akashikwa mikono asianguke, na mama mmoja aliyekuja kwa ajili ya kumwona mtu wa redio alisikika akinong'ona, "Mbona analia hivi? Mbona kwenye mchezo alimzika mumewe bila hata chozi?" Baada ya matanga watu walirudi makwao, wala hawakurudi tena kuuliza anaendeleaje, si kwa ubaya, majirani zetu hawakuwa wabaya na baadhi yao wameketi hapa, ila kila mmoja alijisemea kwamba yule ni jiwe, atatubeba sisi, tutambebaje yeye. Kwa miaka miwili hakuna aliyebisha mlango wake isipokuwa wenye shida zao.

Sasa nafika mahali ambapo Mkubwa alisema hawezi kusoma.

Jumamosi ya tarehe 12 Aprili 1986, mchana, alikuja mwanamke asiyemfahamu, mdomo umepasuka, mtoto wa kike mgongoni, na hakuwa amepotea, kwani alikuwa ameuliza njiani nyumba ya Mama Tegemeo ni ipi na kila mtu alimwonyesha kwa kidole. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma na alikuwa anakuja nyuma yake. Marehemu mwenyewe alitusimulia, bila kujipamba, kwamba alikuwa ameshika kitasa akitaka kufunga, na alichomwambia yule mwanamke ni, "Dada yangu, umekosea nyumba, mimi si huyo mnayemsikia," na mwanamke akajibu, "Mama, nikitoka hapa ananiua," na Mama akaona akifunga atapigwa pale pale kizingitini mbele ya wanawe, akamvuta ndani, akatia komeo. Mtoto aliyekuwa mgongoni ndiye anayewasomea, na mama yangu mzazi ndiye yule aliyeketi mstari wa mbele, mwenye kitambaa cheupe.

Yule mwanamume, ambaye ni baba yangu, alifika na nondo akaanza kuipiga mlangoni, na watoto wote, mimi pamoja nao, tukawa chini ya meza. Mama alitaka kupiga kelele lakini kichwa kilikuwa kitupu, na neno pekee aliloliona humo ndani lilikuwa sehemu ya mchezo waliyoirekodi siku chache kabla, ambayo ilikuwa haijarushwa, kwa hiyo akafungia mikono nyuma, akautazama mlango, na ile sauti ikashuka. "Mwanamke aliyeingia kwangu ni mgeni wangu, na mgeni wangu haguswi. Ukiuvuka mlango huu umenivuka mimi, na mimi sivukiki. Nenda kanawe uso, ukalale, kesho ukiamka uone haya." Nondo ikanyamaza. Alikuwa mtu mzima, mwenye mabega ya kubeba reli, lakini ujanani mwake mama yake mzazi alikuwa amemlea na sauti ile, na huko nje akasema, "Shikamoo, Mama," akaondoka.

Seremala na fundi cherehani walisikia yote kwenye kuta zao, wakacheka kwa raha, mmoja akamwambia mwenzake, "Kamaliza kazi," wakarudi kwenye shughuli zao. Ndani, Mama alikuwa ameketi sakafuni, na kabla hata hajavuta pumzi sawasawa akakumbuka kwamba Alhamisi, yaani siku tano mbele, maneno yale yale, neno kwa neno, yangetoka kwenye kila redio ya mji, pamoja na redio ya fundi wa kuchomelea vyuma, naye angejua kwamba alichokiogopa ni karatasi.

Jumatatu alikwenda kwa mwongozaji kumwomba sehemu ile isirushwe, na akamweleza sababu, akamwambia waziwazi, "Naogopa." Lakini kwa kuwa aliogopa kweli neno lilitoka kwa ile sauti nzito, yenye kituo, na mwongozaji akacheka mpaka akajifuta macho, akasema, "Wewe? Wewe wa kumwogopa nani?" Mama akatoka hapo akaenda kituo cha polisi, na askari wa zamu aliposikia sauti aliwaita wenzake waje wamwone, wakamwomba awasemee kidogo yale maneno anayomjibu mwenye nyumba, wakamwambia huyo fundi ndiye aje kwao kuomba ulinzi. Hakuna aliyemdharau, tena wote walimpenda, na katika watu wote wale waliompenda hakupata hata mmoja wa kumwamini. Jumanne na Jumatano alikwenda kazini akiwa ametufungia ndani kwa kufuli mbili, sisi watoto na mama yangu, na kila alipopita kona ya soko, asema Kasuku, aliyekuwa akimchungulia kupitia tundu la dirisha, alikuwa anatembea upande upande ili aone nyuma.

Alhamisi, tarehe 17 Aprili, hatukuwa na pa kwenda, na kama tungekuwa na pa kwenda mama wawili na watoto wanne wasingepita mtaani bila kuonekana. Taarifa ya habari ilikwisha, muziki wa mchezo ukapigwa, na kwetu redio ilikuwa imezimwa lakini haikusaidia, kwa kuwa karakana ilikuwa imefungulia yake, na fundi cherehani yake, na muuza mkaa wa nyumba ya mbele naye yake, na ilipofika sehemu ile sauti ya Mama ikatoka kila dirisha kwa pamoja, mwanamke aliyeingia kwangu ni mgeni wangu, huku yeye mwenyewe ameketi ukingoni mwa kitanda ameziba masikio. Mama yangu anasema hajawahi kuona binadamu akiogopa sauti yake mwenyewe namna ile. Mkubwa alikuwa na miaka kumi, akachukua pasi ya mkaa akaikumbatia, Mama akamnyang'anya akamsukuma chini ya meza pamoja nasi.

Yule fundi wa vyuma hakusubiri mchezo uishe. Bado kulikuwa na mwanga nje tulipomsikia akija, akiongea peke yake, na safari hii hakubisha, alipiga nondo moja ubao wa juu ukapasuka, akaingiza mdomo kwenye ufa na kusema, "Toka na karatasi zako! Nisomee tena, msomaji we! Leo nisomee yote!" Mama alisimama. Alifungia mikono nyuma, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu, maana hapakuwa na kilichoandikwa kwa ajili ya siku ile. Ubao wa pili ukaruka, mkono ukaingia kutafuta komeo, mama yangu akaanza kusema atatoka aende naye yaishe, na hapo ndipo mama yetu alipopiga ukelele ambao wanawe hawakuwahi kuusikia, sauti nyembamba, ya juu, iliyokatika katikati kama ya mtoto, "Nisaidieni! Jamani naogopa! Naogopa! Anatuua! Nisaidieni!"

Na watu hawakuja. Naomba mlielewe hili kwa sababu ndilo tuliloliogopa kuliko nondo. Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza mchezo, na ukelele wa mwanamke uliingia masikioni mwao ukiwa sehemu ya mchezo, na fundi cherehani alikiri baadaye kwamba alisogea karibu na redio ili asikie vizuri. Mlango ulifunguka, akaingia, Mama akasimama mbele ya meza na kuikamata ile nondo kwa mikono miwili, mikono ile ya kutetemeka, akaendelea kupiga kelele akiwa ameishikilia, na yule mwanamume alipoichomoa mikononi mwake, pigo lililofuata lilimvunja mfupa wa bega la kulia. Upande wa pili wa ukuta seremala, ambaye kulia kwa Mama Tegemeo kulimkera kwa kuwa hakukuzoea, aliinuka akazima redio, na sauti ikaendelea.

Seremala aling'oa mbao za ukuta akapita hapo hapo, hata hakuzunguka mlangoni, akaja na nyundo, akiita kila mtu kwa sauti ambayo mkewe anasema hakujua anayo, na nyuma yake akaja muuza mkaa na koleo lake, na fundi cherehani na rula ya mbao, ambayo sijui alidhani itafanya nini, na watu wengine ambao hatukuwahi kujua majina yao. Wakamwangusha yule fundi wa vyuma, wakamkalia mpaka polisi walipokuja, wale wale waliocheka Jumatatu. Alihukumiwa kifungo tarehe 30 Juni mwaka huo, na hakurudi mji huu. Mama aliposhikwa na muuza mkaa kuinuliwa alikuwa bado anasema "naogopa, naogopa," ingawa mtu alikwisha kufungwa kamba, na muuza mkaa, mwanamke asiye na maneno mengi, akamwambia, "Tumesikia, mama'angu. Tumesikia."

Toka siku hiyo mambo yalibadilika pale nyuma ya karakana. Seremala alitengeneza mlango mpya wa mbao ngumu, akaweka na dirisha dogo la kuchungulia bila kuombwa, majirani wakaanza kupita jioni na kujitaja majina toka mbali ili wasimshtue, na mama yangu na mimi hatukuondoka tena, chumba cha nyuma kikawa chetu, nami nikaandikishwa shule kwa jina la nyumba ile. Marehemu alirudi kazini mwezi Agosti, mkono wa kulia ukiwa haupandi juu ya bega, akaigiza mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 1998. Mwongozaji alilalamika kila mwaka kwamba Mama Tegemeo amelainika, sauti haina uzito ule wa zamani, na alimjaribisha dawa za koo na maji ya tangawizi. Sisi tulijua tatizo. Alikuwa ameanza kulala usingizi.

Mwezi Machi 2017 alianza kusumbuliwa na tumbo, akapimwa, akaambiwa ni saratani ya ini, akapokea matibabu mpaka tarehe 19 Oktoba 2018 alipolazwa mara ya mwisho. Aliogopa. Aliogopa sindano, aliogopa mashine, aliogopa kufa, akalisema hilo kila siku kwa kila aliyeingia, na baadhi ya wageni waliona aibu kwa niaba yake, wakatazama dirishani. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Novemba, muuguzi mmoja kijana, mwenye nia njema kabisa, aliyelelewa na redio kama sisi sote, alimshika mkono akamwambia, "Jikaze, Mama Tegemeo, wewe si ndiye uliyetufundisha kujikaza?" Marehemu alijaribu. Tulimwona akijaribu, akikusanya mabega, akitafuta mahali pa kuweka mikono. Ndipo Kimya, ambaye wote mnamjua haongei, akapanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia kwa nyuma, akamwambia, "Usijikaze, Mama. Ogopa tu. Tupo." Akalia sana, kwa sauti ya juu, kama mtoto, huku tumemshika wote wanne na mama yangu miguuni, na akiwa katika kulia huko alitutoka. Ameacha watoto wanne, wajukuu tisa, na yule dada aliyemwambia kwamba amekosea nyumba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote, na yule muuguzi kijana asijisikie vibaya, hakukosa. Inamshukuru seremala, ambaye leo ana miaka themanini na ndiye aliyetengeneza jeneza hili kwa mikono yake, muuza mkaa, fundi cherehani, wafanyakazi wote wa redio, na kila aliyetuletea kiti, maji au bega la kuegemea. Kama huko mlikotoka yupo mama ambaye kila mtu anamwita jiwe, tunawaomba mkirudi mbishe mlango wake, mjitaje majina, mumuulize anaogopa nini, na akisema haogopi kitu, msiondoke upesi.

Mama, hofu yako tumeisikia. Hakuna tena wa kukuambia ujikaze. Pumzika kwa amani.